Supu ya Baraza la Wanyama

Nilimwahidi Mama Ramazani, nikiwa nimesimama kwenye kizingiti cha nyumba yake mtaani Birere, mjini Goma, kofia yangu ya skauti mkononi, kwamba mwanawe hatakula wala kunywa kambini kitu chochote ambacho dini yake inakikataza. Hakuna aliyenilazimisha kuahidi. Yeye aliuliza tu, kama mama yeyote wa Kiislamu angeuliza kabla ya kumruhusu mwanawe kwenda majuma mawili mlimani pamoja na wanafunzi wa mapadri: "Kule munakulaka nini?" Nilimjibu kwa urefu. Nilimtajia viazi, maharage na kabichi, nikamweleza kwamba nyama ilikuwa adimu na kwamba mimi ndimi ningekuwa jikoni. Kisha nikahitimisha kwa maneno ambayo sikuombwa: "Mama, miye mwenyewe nitamuchunga. Kinywa ya Ramazani iko juu yangu." Alicheka kidogo. "Kinywa ya mutu ni kitu kubwa, papa. Utaiweza?" Akaninyoshea mkono tuagane, nami, kwa kuwa kichwa changu kilikwisha kuhamia kambini, nikampa mkono wa kushoto, jinsi skauti wanavyosalimiana. Aliutazama mkono ule, akarudisha wake ndani ya kikwembe alichojifunga. "Ku mulima yenu munasalimianaka na mukono ya kuchambia?" Nyuma yake Ramazani alijiuma midomo asicheke. Tulikuwa na miaka kumi na saba, tulikaa benchi moja darasani, na sikuwa na rafiki mwingine kama yeye.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Chefu Bauma, aliyeongoza kambi ile kwa miaka mingi, na nilikaa siku mbili katika kilio chake nikisikiliza watu wazima wakijisifu. Walikuwa wamekuja kutoka Rutshuru, Sake na hata Bukavu, wanaume wenye vitambi na mvi, na kabla hawajaketi walianza kuitana kwa majina ya kambini: Nyumbu Mtulivu, Mamba Asiyelala, Kanga Mwangalifu. Kanga Mwangalifu ndimi. Nilipoitwa hivyo mbele ya mjane nilikunja uso, kama mtu aliyekumbushwa ladha ya dawa ya minyoo. Walikula mbuzi, wakafuta mafuta vidoleni kwenye majani ya mgomba, wakamsifu marehemu kwamba aliwafanya kuwa wanaume. Mmoja wao, ambaye siku hizi ana duka la vipuri vya magari, alisimama na chupa mkononi akasema kwamba heshima kubwa kuliko zote ambazo tungeweza kumpa Chefu ni kuifufua kambi, kwa kuwa sasa mikutano ya vijana inaruhusiwa tena. Wote wakapiga makofi. "Na supu?" akauliza mwingine. "Supu ndiyo ya kwanza! Kambi bila supu ni pikiniki." Wakacheka mpaka wanawake waliokuwa wakilia ndani wakanyamaza. Kisha wakanigeukia. "Weye Kanga uko na lisanse ya chuo kikuu. Utatuandikia kitabu kadogo ya kugawia wazazi: Historia na Desturi za Kambi." Nikaitika. Nimekuwa mwalimu miaka mingi, nimewafundisha watoto wa watu maana ya ujasiri kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na bado niliitika. Hii ndiyo historia waliyoniagiza. Hawataipokea.

Kambi yetu ilikuwa juu ya Kibati, pale ambapo barabara ya Rutshuru inaziacha nyumba za mwisho na msitu wa Nyiragongo, mlima wa moto, unateremka kukutana na mashamba. Padri mmoja Mbelgiji aliichagua sehemu ile kabla ya uhuru. Alijenga jiko la mawe meusi ya lava, akaliezeka kwa mabati, akasimamisha mlingoti wa bendera, na alipoondoka alituachia mahema manne yenye harufu ya ukungu, sufuria za chuma, na daftari lililopigwa chapa kwa mashine, lenye neno moja juu ya jalada: Desturi. Daftari lile tulilitii kuliko katekisimu. Ndani yake iliandikwa kwamba hakuna kusema asubuhi kabla bendera haijafika juu; kwamba mkono wa kushoto ndio wa kusalimia, kwa kuwa uko karibu na moyo; kwamba anayechelewa kula atakula amesimama. Sitasema uongo, mengi yalikuwa mazuri. Ukungu wa mwezi wa saba ulipanda kutoka Kibumba ukatufunika hadi shingoni, tukawa tunaimba tukiona vichwa tu vya wenzetu. Viazi vilichemshwa na maganda yake, vikamwagwa juu ya turubai, na tulivimenya kwa kucha huku vikituunguza, tukigombania vile vilivyopasuka. Jumapili tulipata jibini ya Masisi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Kilichokosekana ni maji. Nchi ile ni ya mawe yanayokunywa mvua yote. Hakuna kijito wala chemchemi, na maji yetu yaliletwa na gari la misheni kutoka ziwani, mapipa mawili kila baada ya siku tatu, kwa watu arobaini. Tulipewa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Uso tuliunawa kwa umande.

Ulikuwa mwaka ule ambao majina ya ubatizo yalipigwa marufuku. Mimi niliyekuwa Bonifasi nikawa Kasole tu, na shuleni tulikosea kuitana mpaka mwalimu akaweka adhabu. Chefu Bauma aliifurahia sana hali ile. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye sauti ya kengele, na miguu iliyotembea juu ya lava kana kwamba ni zulia. Siku ya kwanza alitupanga mstari akasema: "Serikali imewavula majina. Kambi itawavalisha." Alimaanisha desturi kubwa kuliko zote za daftari, ile ya Baraza la Wanyama. Kila skauti aliyekuwa amefika mwaka wake wa kwanza alipaswa kupewa jina la mnyama na sifa yake, na jina hilo alilipata siku ya kumi, baada ya kunywa supu mbele ya Baraza, yaani mbele ya sisi tuliokwisha kunywa. Aliyekunywa yote alipewa mnyama wa heshima. Aliyetapika alipewa panya, au funza, au chawa, na aliitwa hivyo maisha yake yote. Asiyekunywa hakupewa jina, na asiye na jina hakuruhusiwa kupanda mlimani siku ya mwisho hadi kwenye ukingo wa shimo la moto.

Moto huo ndio uliomleta Ramazani. Kutoka uani kwao Birere aliuona kila jioni, ule wekundu juu ya mlima, nyuma ya mabati ya majirani. "Niko nalala na ule moto tangu mutoto," aliniambia, "mé sura yake sijaionaka. Ni kama jirani mwenye hatokake inje." Alijua kwamba kuna supu. Nilikuwa nimemweleza. Kile ambacho sikumweleza vizuri, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kutokifikiria, ni namna inavyopikwa.

Haikupikwa. Ilikusanywa. Kulikuwa na ndoo ya bati yenye mfuniko, na tangu siku ya kwanza kila kilichobaki kilitupwa humo: maji ya maharage, maganda, vichwa vya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, majani ya kabichi yaliyolegea, masizi ya chini ya sufuria. Siku ya nne wachungaji wa Kibumba walitupatia matumbo ya ng'ombe, nayo yakaingia bila kuoshwa. Ndoo ilikaa juani mchana kutwa nyuma ya jiko, na mlinzi wake alikuwa mmoja wa Baraza, aliyepewa kijiti cha kukorogea na heshima ya kutosemeshwa. Mwaka ule mlinzi nilikuwa mimi. Nilijivunia kijiti kile. Nilipoufungua mfuniko asubuhi, povu la kijivu lilikuwa limepanda, likipumua taratibu kama chura, na inzi walikuwa wamezama humo wakiwa bado wanatikisa miguu. Nilikoroga. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimekunywa kikombe kizima cha kitu kama kile, nikakizuia tumboni kwa machozi, na nilichojifunza si kwamba jambo lile ni uchafu. Nilijifunza kwamba zamu yangu ya kuwatazama wengine ingefika.

Siku ya saba Chefu alirudi kutoka misheni na kopo kubwa mkononi. Alilifungua mbele yangu. Ndani mlikuwa na mafuta ya nguruwe, meupe, yaliyoganda, yenye vipande vya ngozi vilivyobakiwa na manyoya. Aliyachota kwa kijiti, yakaanguka ndani ya ndoo kwa sauti ambayo bado naisikia.

"Chefu," nikasema, "Ramazani ni Muislamu."

"Alori, kisha?"

"Nguruwe, Chefu. Niliahidi mama yake."

"Uliahidi mama yake." Aliipangusa mikono yake kwenye mawe ya jiko. "We mwaka uliopita ulikunywa. Ulikufa?"

"Hapana, Chefu."

"Ndoo haina dini, Kasole. Hapa hakuna Mukatoliki, hakuna Muislamu, hakuna Muhunde, hakuna Munyarwanda. Wote wanakunywa moja, wote wanakuwa moja. Ni desturi ya bankambo yetu, ya mababu." Aliponiona nimebaki nimesimama akalegeza sauti, akaniwekea mkono begani. "Boni. Mutilie yake kando. Kikombe moja. Mé Baraza isijue."

Nilimshukuru. Nilikimbia kwa furaha hadi ukingo wa msitu, nikachuma majani ya mubirizi, yale machungu ambayo mama zetu walitunywesha kwa ajili ya homa, nikayachemsha na chumvi na majivu kidogo ili rangi yake ifanane na ya ndoo, nikayaficha katika kikombe nyuma ya mawe. Nikamwita Ramazani. Nilimwonyesha kikombe, akakinusa, akatema mate. "Yo! Hii nayo ni adhabu." Nikamfundisha kumeza: usipumue, usionje, fungua koo, mimina yote kwa mara moja kama mtu anayemwaga maji kwenye shimo. Tulifanya mazoezi kwa kikombe chake cha maji ya jioni. Alikohoa, tukacheka. Ninalieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo linalonitia kinyaa kuliko yote: nilimfundisha vizuri.

Siku ya kumi, jua likiwa limeanza kuinama, Baraza liliketi juu ya mawe katika duara. Wapya walikuwa saba. Walipigishwa magoti, mikono nyuma, macho yamefungwa kwa skafu zao. Wawili walitapika; mmoja alitapika juu ya mapaja ya jirani yake, na Baraza likapiga miguu chini kwa furaha. Walipewa majina yao, Funza Mwororo na Chawa Mzito, na hata sasa mmoja wao, mtu mwenye watoto sita, huitwa Funza sokoni. Nilikuwa nikigawa vikombe. Zamu ya Ramazani ilipofika nilikwenda nyuma ya mawe nikaleta kikombe cha mubirizi, nikijaribu kutembea kama kawaida. Chefu alinyosha mkono. Nilidhani anataka kukipitisha mwenyewe ili kukificha zaidi. Alikichukua, akakimwaga juani mbele ya wote, pole pole, mpaka tone la mwisho. Akakitumbukiza ndani ya ndoo, akakitoa kimejaa hadi ukingoni, kipande cha mafuta kikielea juu yake, akanirudishia. Duara lote lilinitazama. Walikuwa wameelewa, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kuziba midomo kwa viganja.

Nilikwenda na kikombe kile hatua tano au sita. Katika hatua hizo niliweza kukiangusha. Niliweza kujikwaa, juu ya lava hakuna anayeshangaa mtu akijikwaa. Nilipiga goti mbele ya Ramazani, na yeye, akiwa amefungwa macho, aligeuza uso kuelekea pumzi yangu akaninong'oneza:

"Ni ile ya mubirizi?"

"Ndiyo," nikasema. "Kunywa."

Alikunywa kama nilivyomfundisha. Koo lake lilifunguka, kikombe kikaisha kwa mara moja, na hakutapika. Chefu alisimama, akainua mikono. "Baraza limeona! Amekunywa yote, ameshinda. Tunamuita Ngiri Mutiifu!" Kicheko kikapasuka. Kila mtu anajua kwamba ngiri ni nguruwe wa mwituni. Ramazani aliivuta skafu kutoka usoni. Alikitazama kikombe mkononi mwangu. Baridi ilikuwa imeanza kushuka, na mafuta yalikuwa yakiganda ukingoni, meupe. Akapitisha ulimi juu ya mdomo wake wa juu. Kisha akanitazama mimi, si Chefu.

Aliinuka, akaenda hadi kwenye pipa la maji. Alichota kwa viganja, akasukutua, akatema, akachota tena. Alijiosha ulimi kwa kidole. Alichota na kutema, na maji yalipotea ndani ya mawe yale meusi bila kuacha hata unyevu. Kicheko kilikatika. "Weye!" Chefu alipiga kelele. "Iko maji ya batu makumi ine! Wacha!" Ramazani hakugeuka. Alipomaliza alijifuta kwa mkono wa shati, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu darasani: "Muikate ku yangu. Siku zote zenye kubakia." Na wakaikata. Siku tatu hakupewa kikombe cha asubuhi wala cha jioni. Alilamba umande kwenye majani, akala viazi vikavu. Siku ya pili nilimpelekea nusu ya kikombe changu. Hakukipiga teke, hakunitukana. "Kutoka kwako," alisema, "sinywi tena kitu."

Siku ya mwisho tulipanda mlima. Yeye alikuwa na jina, alikuwa na ruhusa, Chefu mwenyewe alimwita, "Ngiri, twende!" Alibaki ameketi kwenye mzigo wake. Mimi nilipanda. Tulifika ukingoni mchana, na shimo lilikuwa limejaa moshi mzito unaonuka mayai yaliyooza. Sikuona moto. Nilisimama hapo na wenzangu wanaokohoa, nikaimba wimbo wa kilele, na nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba nilikuwa nimeuza kitu ambacho hakikuwa changu, na sikupata hata mwanga wa kuonyesha.

Tuliporudi Goma, Mama Ramazani aliniita nile. Nakikumbuka chumba kile kuliko vyumba vyote nilivyolala tangu wakati huo. Pazia la maua mlangoni, redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, mkeka mpya wa rangi tatu, na sinia la wali na sombe ya majani ya muhogo na samaki mzima wa ziwani aliyegeuzwa kichwa upande wangu. Mama alininawisha kwa birika, maji ya uvuguvugu yakitiririka vidoleni mwangu mengi kupita kiasi, na nilijua Ramazani anayatazama maji yale. Aliketi mbele yangu, mgongo ukutani. Hakuwa akila.

"Ulinichungia mutoto?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Hakuna kitu mubaya iliingia mu kinywa yake?"

"Hapana, mama."

"Asante, papa. Kula. Ongeza samaki, usione haya."

Niliongeza samaki. Nilikula mpaka nikaona maua yaliyochorwa ndani ya sinia. Ramazani alinitazama tonge baada ya tonge, na nilipoaga aliondoa miguu yake njiani ili nipite.

Mwisho wa mwaka ule redio ilitangaza kwamba vijana wote wa nchi ni wa Chama kimoja cha serikali, na makundi mengine yote yamevunjwa. Bendera yetu ilikunjwa. Tulimlilia Chefu Bauma kama shahidi, kwa muda wa wiki moja hivi, mpaka tulipomwona uwanjani amevaa vazi jipya lenye picha ya kiongozi kifuani, akiwapanga watu kwa ajili ya kucheza na kuimba sifa. Alikuwa hodari sana katika kazi ile. Aliwatoa wachuuzi wazee madukani, akawachezesha juani mbele ya wake zao, na aliyecheza vibaya alipewa jina la utani ambalo umati ulilirudia. Nilimwona siku moja akimzungusha muzee mmoja wa Birere mpaka kofia yake ikaanguka, na watu wakapiga miguu chini. Ilikuwa sauti ileile ya Baraza. Hakuhitaji kujifunza kitu. Sisi tulikuwa mazoezi yake, na tulimpa makofi.

Ramazani aliacha shule kabla ya mwaka kwisha, akaenda kujifunza udereva. Mimi nilisoma, nikafika chuo Kisangani, na huko katika maktaba niligundua kwamba desturi ya bankambo yetu ilikuwa imetoka Ubelgiji, kwa vijana wa mijini waliocheza michezo ya Wahindi wa Amerika ambao hawakuwahi kuwaona. Nilicheka peke yangu kati ya rafu, kicheko kibaya. Mababu zetu wa Masisi waliwapa watoto majina kwa kuwanywesha maziwa. Mlima nao, ulipopasuka miaka michache baada ya kambi yetu, ulimimina lava juu ya jiko, mlingoti na mahali pa ndoo. Nilidhani umemaliza kazi ambayo sisi hatukuwa na moyo wa kuifanya.

Baada ya kilio cha Chefu nilikwenda Birere. Mama Ramazani amezeeka sana, lakini macho yake ni mazima. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Nilimwambia yote, nimesimama, kwa sababu sikuona haki ya kuketi. Aliendelea kutoa vijiwe mpaka nilipomaliza.

"Najuaka," akasema. "Ramazani aliniambia siku yenye alifika, mbele weye uje kula."

"Ulijua, mama? Na ukanipikia?"

"Nilikupikia nione kama utasema. Nilikuuliza mara mbili, papa. Ulikula samaki muzima." Alipuliza makapi. "Alori leo unaniletea miye juu ya nini? Si kinywa yangu. Enda kwa mwenyewe."

Nilimkuta Ramazani Kibumba, pembeni mwa lori lake, akisimamia watu wanaopakia viazi vya kupeleka Goma. Ana ndevu zenye mvi na tumbo dogo la madereva. Alinitambua mara moja. Nilisema kile nilichokuja kusema, kwa sentensi ambazo nilikuwa nimezitengeneza njiani, na zote zilinukia shule. Alinisikiliza huku akikagua kamba.

"Iko sawa," alisema. "Sikudai kitu. Ulisema ndiyo, nikakunywa, iliisha. Niambie ingine: ni kweli beko nataka kuirudisha kambi? Nilisikia ku parkingi."

"Ni kweli. Mwezi wa saba, Kibati palepale, juu ya lava."

"Na supu?"

"Na supu."

Aliiacha kamba. Kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika, na uso wake wa miaka kumi na saba ukatokea chini ya ndevu. "Basi uko nafanya nini hapa, Kasole? Kwangu kumeisha kumwangika. Unakuja kunipangusa miye, na ndoo ingine beko najaza. Enda kwa wazazi!" Akapanda kwenye lori, akawasha mashine, na wapakizi wakaruka pembeni.

Nilipeleka karatasi hizi kwenye komite ya kuifufua kambi. Mwenye duka la vipuri alizisoma akiwa amesimama, akanirudishia, akasema niweke tu mlima, nyimbo na viazi. Nilipouliza kama angeweza angalau kuahidi kwamba hakutakuwa na ndoo, alitabasamu akanipiga begani. "Kanga, weye ulikuwa mulinzi yake." Hilo ni kweli, na kwa sababu ni kweli najua wanachofanya watu wa Baraza mtoto anapouliza. Wanamjibu ndiyo.

Kwa hiyo nimezigawa karatasi hizi mwenyewe, kwenye milango ya makanisa na ya msikiti, na moja imefika mkononi mwako. Kama jina la mwanao limeandikwa kwa kambi ya mwezi wa saba, nakuomba upande Kibati wewe mwenyewe, umtafute mlinzi wa ndoo, umwambie aufungue mfuniko mbele yako, na uimwage ndoo.